Liva Fupi, Akili Fupi

Wasee wa liva fupi, leo mtanikasirikia. Sawa tu.

Simama Bisil jioni ya wikendi, kando ya barabara ya Namanga, pale nyama inapochomwa, uskize. Impreza za zamani za gia ya mkono zinashuka kutoka Kitengela, na kabla ya tuta la kwanza injini zinalia kwa kushushwa gia. Zikishaegeshwa, stori ni ile ile: nani ameng'oa liva ya kiwanda akaweka fupi, nani amefunga kichwa kizito cha chuma. Uliza kwa nini, utaambiwa, "Gia zinaingia haraka." Ukibisha, wanakutajia Colin McRae, aliyeshinda Safari Rally 1997 kwa Impreza, kana kwamba alishinda kwa kichwa cha gia.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, lakini fizikia ya sekondari inanitosha hapa. Liva ni wenzo. Ukiifupisha juu ya egemeo, mkono unasafiri kidogo, lakini unasukuma kwa nguvu zaidi. Hakuna cha bure. Na ndani ya giaboksi kuna pete za sinkro, zile zinazolinganisha mwendo kabla gia haijaingia. Pete hizo hazijui kwamba umenunua liva mpya. Ukizikimbiza kila siku zinalika, na asubuhi moja gia ya tatu itakusagia meno.

Sisemi kwa wivu. Nimejaribu. Gari la binamu yangu lilikuwa na liva iliyolegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Badala ya kutafuta sababu, tukanunua liva fupi kwa pesa ambayo Bisil ingetupatia mbuzi. Raha ilikuwepo, sikatai: tak, tak, kama kufuli mpya. Wiki mbili nzima tulijiona madereva.

Kisha ikafika siku ya soko la mifugo. Tulikuwa tunaingia mjini kwa 80, pahali sheria inataka 50. Mbuzi wakaingia barabarani, na mvulana nyuma yao. Binamu akavuta kutoka tano kwenda nne. Kwenye ile liva yetu, nne na mbili zilikuwa zimekaribiana sana. Mkono wenye hofu ukapitiliza, ikaingia mbili. Injini ikapiga mayowe, gari likayumba. Kwa 80, kila sekunde unakula mita 22. Tulisimama, sijui vipi. Mvulana alituangalia tu, fimbo mkononi. Hakututukana. Afadhali angetutukana.

Utasema kosa ni la dereva, si la liva. Kweli kabisa, na hiyo ndiyo hoja yangu. Liva haikumfanya binamu kuwa dereva. Ilimdanganya tu kwamba ameshakuwa.

Aliyetuokoa ni makanika wa kando ya barabara. Alirudisha liva ya kiwanda, akabadilisha bushi za mpira zilizoliwa na miaka, akamwaga oili nzee ya giaboksi na kutia mpya. Liva ikatulia. Kumbe tulikuwa tumenunua dawa ya ugonjwa ambao hatukuwa nao. Bei yake yote haikufika nusu ya mbuzi.

Kwa hivyo, kabla hujatoa pesa: bushi kwanza, oili, breki. Halafu ufundishe mkono. Pale sokoni kuna madere wa malori ya ng'ombe, liva zao ndefu kama fimbo ya mchungaji, na wanabadilisha gia bila mnyama hata mmoja kuyumba. Wanajua mzigo wao uko hai na umesimama.

Wewe pia umebeba watu. Na kama ni lazima uonyeshe spidi, tafuta uwanja uliofungwa. Bisil watu wanavuka.