Mita Moja na Nusu ni Mikono Mingapi?

NG'AMBO YA FERI, na Mwanasha Omar

Machi 2020, kwa sababu ya korona, serikali ya Kenya ilituamuru tuachane mita moja na nusu kati ya mtu na mtu. Amri ilikuwa na sababu. Lakini kwenye foleni ya feri ya Likoni, Mombasa, watu wakiwahi nyumbani kabla ya kafyu, nani alikuwa na utepe? Tarehe 27, siku ya kwanza ya kafyu, abiria pale walirushiwa vitoa machozi. Sisemi vipimo vingezuia hayo. Nasema amri ilistahili kutolewa kwa lugha ambayo mama anayerudi kutoka soko la Kongowea angeitii papo hapo: kila mtu anyooshe mikono yote miwili kando, vidole visiguse vya mwenzake. Hiyo ni pima moja kati ya mtu na mtu, kama sentimita 183. Inatosha na kubaki.

Hesabu si ngumu. Mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ni kama sentimita 46. Shibiri ni nusu yake. Mikono miwili ni wari, minne ni pima. Kwa hiyo mita moja ni mikono miwili na upana wa vidole vinne. Mita tatu ni mikono sita na nusu.

Mvuvi akitaka kujua kina, hutupa chubwi mpaka liguse chini, kisha huivuta kamba akiinyoosha mbele ya kifua, kutoka mkono huu hadi ule, akihesabu pima moja, pima mbili. Hata giza likiingia, hesabu yake haipotei.

Wapo watakaosema mikono ya watu hailingani. Ni kweli. Hata mkono wenyewe wazee waliupima kwa njia mbili: mkono kamili na mkono konde, ule wa ngumi iliyofumbwa. Wala sitaki hati za ardhi ziandikwe kwa mikono. Ekari 930 za shamba la Waitiki huko Likoni, ambazo wakazi walianza kupewa hati zake Januari 2016, ni kazi ya mpima ardhi na mitambo yake. Mgogoro wa mpaka hauamuliwi kwa shibiri.

Ila tangazo la mtaro Kisauni, au la umbali wa kuacha kando ya barabara Changamwe, linamhusu mtu asiye na kifaa chochote mkononi. Kaunti iandike mita, kwa kuwa ndizo za sheria, na pembeni iandike mikono. Nawe msomaji, azima utepe kwa fundi cherehani leo, upime mkono wako na shibiri yako, na uwafundishe watoto.