Nani Aliyelipia Kura Hiyo?

Naingia moja kwa moja katika suala ambalo akina mama huniletea mara kwa mara baada ya darsa. Vijana wao huwaambia kwamba bangi haina neno, kwani majimbo mengi ya Marekani yamekwisha kuihalalisha, na lau ingelikuwa na madhara, wenye elimu wasingeliiruhusu. Hukumu ya kilevi katika dini yetu inajulikana hata na mtoto wa chuoni, sitaikariri. Ninalotaka kulitazama ni hoja yenyewe, kwamba sheria ikibadilishwa basi elimu ndiyo iliyoibadilisha.

Novemba 2015, jimbo la Ohio lilipiga kura juu ya jambo hili. Pendekezo lilitaka kilimo cha biashara cha bangi kifanyike katika maeneo 10 tu, na maeneo hayo yalikwisha kutajwa: yalikuwa mikononi mwa matajiri walewale waliogharimia kampeni. Yaani mtu atoe fedha ili katiba ya jimbo imfungulie duka! Wapigaji kura walilikataa, zaidi ya 6 katika kila 10, na miongoni mwao walikuwamo waliotaka bangi ihalalishwe lakini wakachukizwa na ukiritimba. Mwaka 2023 pendekezo jingine, lisilokuwa na kifungu kile, likapita.

Wala msidhani kwamba kila aliyekuwa upande wa kupinga alisukumwa na uchaji Mungu. Arizona ilipopiga kura kama hiyo mwaka 2016, kampuni ya dawa iitwayo Insys iliichangia kampeni ya kupinga dola 500,000. Biashara yake kubwa ilikuwa dawa ya kunyunyiza chini ya ulimi iliyotengenezwa kwa fentanili, iliyo kali kuliko heroini. Na mwaka huohuo ilipata idhini ya dawa nyingine, ya kiini kilekile cha bangi, ila kimeundwa maabarani. Pendekezo lilishindwa kwa tofauti ndogo. Mwaka 2019 mwanzilishi wa kampuni hiyo, John Kapoor, alitiwa hatiani kwa njama ya kuwahonga madaktari ili wawaandikie wagonjwa ile fentanili. Huyo basi ndiye aliyekuwa akiwakinga watoto wa Arizona na bangi.

Hata hivyo Wamarekani nitawapa haki yao. Mchango ule uliandikwa na kutangazwa kwa mujibu wa sheria, ndiyo maana sisi huku Pwani tunaweza kuuzungumza. Kwetu Kenya, Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ni ya mwaka 2013. Uchaguzi wa 2017 ukapita, na wa 2022 ukapita, bila ya viwango vyake vya matumizi kutekelezwa. Mei 2024, gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka, na Ikulu ikasema amri ile haina nguvu kwa kuwa ni zao linalotambuliwa na sheria, tulibishana sana juu ya afya ya vijana wetu na riziki ya wakulima wa Embu. Daftari la kutuonyesha ni mfanyabiashara yupi aliyemgharimia mwanasiasa yupi hatukuwa nalo.

Simtuhumu mtu. Lakini 2027 haiko mbali, na wagombea watakuja katika vyama vyenu na leso na mifuko ya unga. Muulizeni kila mmoja, mbele ya watu, ni nani aliyemnunulia, na huyo aliyemnunulia anauza nini.