MTOTO HANA MWAKILISHI



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya jambo ambalo si la mshahara wala la saa za kazi. Najua wako watakaosema ya kwamba mambo ya chekechea ni ya akina mama, na gazeti la chama ni la mambo ya kazi. Mimi nasema hapana. Wengi wetu tuna watoto wa miaka minne na mitano, nasi tunawaacha mikononi mwa watu wengine tangu asubuhi kwa sababu tuko kazini. Basi jambo hili limeanzia kazini, na yafaa lisemwe hapa.

Mimi nafanya kazi katika gengi la njia ya reli. Mwaka jana nilikuwa na zamu za usiku kwa majuma mengi, nikirudi nyumbani wakati mwanangu anapovalishwa sare. Mtoto huyu alikuwa akiikimbilia chekechea yake. Ghafula akaanza kulia akiiona sare ikitolewa sandukuni. Kisha akaanza tena kukojoa kitandani, jambo ambalo alikuwa ameliacha kwa muda wa mwaka mzima. Mama yake aliniambia habari hiyo mara mbili. Mara ya kwanza nikajibu ya kwamba mtoto anadeka. Mara ya pili nilikuwa nimechoka, nikalala. Nasema haya bila kujificha, kwa sababu sidhani ya kuwa ni mimi peke yangu.

Jumamosi moja nilimkuta anacheza na viatu vya nyumba nzima. Alikuwa amevipanga safu kama darasa. Akatwaa kiatu kimoja kidogo, akakisimamisha kando ya mlango, akakiambia kisimame pale mpaka kikauke. Nikamwuliza, kiatu hicho kimefanya nini? Akasema, "Kimekojoa. Hawa wengine wanakicheka."

Ndugu zangu, sikuuliza tena. Nilivaa koti langu nikatoka kwenda kutafuta nyumba ya mwalimu. Namshukuru Mungu kwamba njiani nilipita kwa mwakilishi wetu wa chama, mzee ambaye amesimamia kesi nyingi za wafanyakazi, akaniona uso ulivyo. Akaniketisha. Aliniuliza maswali matatu tu. Umeona nini kwa macho yako? Umesikia nini, na kwa nani? Na unataka kitendeke nini? Swali la kwanza sikuwa na jibu. La pili nilikuwa na maneno ya mtoto wa miaka minne na kiatu. La tatu sikuwa nimelifikiri hata kidogo. Akasema, "Nyapara akija na maneno ya kusikia, akampigia mtu kelele mbele ya gengi zima, sisi hapa twamwitaje?"

Hapo nilikaa kimya. Sisi sote twajua sheria ilivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema ya kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa ajili ya kosa, mwajiri sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, naye ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama wakati wa kuelezwa, na maneno yao yasikilizwe. Kifungu hicho tunakishika kama ngao. Lakini tukienda shuleni tunakiacha nyumbani. Mwalimu wa chekechea naye ni mfanyakazi, na mara nyingi ni mfanyakazi wa mkataba mdogo kuliko wetu.

Basi Jumatatu mchana, baada ya watoto kwenda nyumbani, tulikwenda wawili, mimi na mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa na habari kamili: siku ambazo mtoto alirudi na kaptura mbichi, siku aliyokataa uji, siku aliyosema tumbo linamuuma nalo haliumi. Tuliziandika katika kipande cha karatasi. Mwalimu akatuketisha kwenye viti vya watoto, magoti yakinifika kidevuni. Nilitaka kucheka, nikajizuia.

Nilimwambia, "Mwalimu, hatukuja kugombana. Mtoto amebadilika, na tunataka kujua hapa kunakuwaje." Nikasoma zile siku. Nikamwambia habari ya kiatu.

Kwanza alikasirika. Alisema mtoto ni mkaidi, anaambiwa aende msalani hataki, kisha anajikojolea. Halafu akasema neno lililonichoma: "Baba, wewe sijawahi kukuona hapa hata siku moja." Ni kweli. Sikuwa na la kujibu. Nilimwambia, "Leo umeniona."

Baada ya hapo alisema mengine kwa sauti ya chini. Ana watoto 58 katika chumba kimoja. Msaidizi wake aliondoka muhula uliopita na mwenye shule hakutafuta mwingine. Hana nguo za kumbadilisha mtoto aliyelowa, kwa hiyo alikuwa akimsimamisha mlangoni juani ili akauke. Hakuwaambia wengine wamcheke. Mke wangu akamwuliza, "Lakini uliwanyamazisha?" Akaangalia chini. Ndipo tulipojua ya kwamba tumefika mahali penyewe.

Niliomba kukiona choo. Ni choo cha shimo, kina giza, na tundu lake limetobolewa kwa mtu mzima. Mimi ni mtu wa gengi na shimo si kitu kigeni kwangu. Lakini nilipochutama mpaka kimo cha mwanangu nikatazama kwa macho yake, niliona ya kwamba mtu wa kimo kile aweza kutumbukia. Ukaidi wake wote ulikuwa hapo. Wala si mtoto wangu peke yake. Mwalimu alikiri kwamba wako wengine wanaojizuia mpaka waende kwao.

Tukapatana hivi. Mwalimu atampeleka mwenyewe kabla ya uji na kabla ya michezo. Sisi tutatia kaptura ya pili katika mfuko wake. Hatasimamishwa tena mlangoni, na watoto wataambiwa ya kwamba kulowa si jambo la kuimbiwa. Jambo la choo na la msaidizi si la mwalimu, ni la mwenye shule, basi tulikwenda kwake wazazi wanne kwa pamoja. Alitupokea vizuri, maana wanne si mmoja. Ubao wenye tundu dogo tuliugonga sisi wenyewe Jumamosi. Mwenye shule alitoa misumari. Msaidizi tunaahidiwa hata leo.

Wazazi wanne, nasema. Tuliwaendea kumi na mmoja. Mmoja aliniambia wazi wazi, "Mimi nina deni la karo la miezi miwili, nitasema nini?" Jibu hilo limenikaa moyoni kuliko hata habari ya kiatu. Mtu ambaye hamwogopi nyapara, ambaye amesimama mbele ya mkubwa wa kazi akadai malipo ya saa za ziada, anamwacha mtoto wake aonewe kwa kuwa anadaiwa karo! Deni la karo ni langu mimi, si la mtoto. Mwenye shule anaweza kunidai, kuniandikia, hata kunishitaki. Hawezi kulipwa kwa machozi ya mtoto, na mzazi asimpe ruhusa hiyo kwa kunyamaza.

Wengine walitoa neno lile la zamani, ya kwamba sisi tulipigwa na kuaibishwa tukawa watu. Nami nilisoma shule ya misheni, nalijua neno hilo. Viboko shuleni vilipigwa marufuku katika Kenya mwaka 2001, nikiwa darasa la tano. Kwetu habari hiyo ama haikufika, ama ilifika ikafungiwa kabatini, kwa maana tuliendelea kulala juu ya dawati kila Ijumaa. Nilijifunza kusoma na kuandika, na walimu wale nawashukuru kwa hayo. Lakini hesabu ya kugawanya sikuijua, na kwa sababu ya woga sikuuliza mpaka nikamaliza shule. Niliijua kazini, nikifundishwa na fundi asiye na fimbo. Basi sisemi ya kwamba fimbo ilinifanya mtu.

Na siku hizi si shauri la kupenda au kutopenda. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa na jeuri, na kutotendewa wala kuadhibiwa kinyama. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa mwanafunzi mwilini au moyoni. Tazama, hata moyoni. Mwenye kuivunja aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Kumsimamisha mtoto aliyelowa ili wenziwe wamwimbie, sioni jina lingine la kulipa.

Lakini naomba nisieleweke vibaya. Ninasema mtu aanze na mwalimu, kwa upole na kwa habari kamili, kisha mkuu wa shule au mwenye shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti, maana elimu ya chekechea imewekwa na Katiba chini ya kaunti. Hiyo ndiyo njia ya mambo kama haya yangu. Si njia ya kila jambo. Mtoto akirudi na alama za kupigwa, au ameumizwa, au ameguswa mahali pasipofaa, usiende kumwuliza mwalimu kwanza wala usikubali kikao cha kupatana. Mpeleke hospitali siku ile ile, uende polisi na kwa afisa wa watoto. Ipo pia simu ya watoto, nambari 116, ambayo haitozwi pesa. Huyo mzee mwakilishi wetu alinionya hivyo kabla sijaondoka kwake, kwa maana amewahi kuona wazazi wakipewa mbuzi wanyamaze.

Wako wanaoniuliza kama namtetea mwalimu, kwa kuwa nimetaja watoto 58. Simtetei. Kazi nyingi na watu wachache ni jambo ambalo sisi wa gengi hatuhitaji kufundishwa. Hata hivyo garimoshi likifika juu ya taruma lililooza haliulizi kama gengi lilikuwa na watu wa kutosha. Mwalimu alikuwa na kosa lake, na mwenye shule alikuwa na lake lililo kubwa zaidi, nami nilikuwa na langu la kulala. Yale mawili ya kwanza yaliweza kuzungumzwa tu baada ya hili la tatu kuisha. Nilimwomba mwalimu amwambie mtoto pole, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Alisema atafanya. Kama alifanya, mtoto hajaniambia, wala sitaki kumhoji kama polisi.

Nina ombi moja kwa tawi letu. Siku ile nilikwenda chekechea nikitoka zamu ya usiku bila kulala, na jioni nikarudi njiani na nyundo mkononi. Hiyo si salama kwangu wala kwa abiria. Wakati wa mazungumzo yajayo na mwajiri, naomba wajumbe wetu wadai ruhusa ya saa chache kwa mzazi mwenye shauri shuleni, awe baba au mama, bila kukatwa mshahara. Tusidai kwa akina mama peke yao, tukajipa sababu ya kutoonekana kule.

Mwanangu sasa yuko darasa la pili la chekechea. Juma lililopita alilia tena asubuhi hakutaka kuvaa. Safari hii niliketi chini nikamwuliza. Ni viatu, vimekuwa vidogo.

Mwanachama, Gengi la Njia