Mengi hakuanzia studio

Vijana wanamtazama mfanyabiashara Reginald Mengi wa kituo cha televisheni cha ITV, wanamsahau Mengi wa kalamu: mhasibu aliyeunganisha kalamu za wino nyumbani kwake miaka kabla ya kuanzisha kituo hicho mwaka 1994. Waandishi nao huanza kwa kidogo vivyo hivyo: huku mikoani mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa habari iliyotoka tu, na nauli ni juu yake. Wanaodumu ni wenye namba za mtendaji wa kata, muuguzi, hata dereva wa bodaboda, na wanaowapigia kuwajulia hali siku zisizo na habari. Jumamosi wanapiga picha za harusi ili kamera ijilipe. Lakini wahariri nanyi, tafadhali, lipeni kwa wakati! Habari ya Machi inalipwa Julai, na ada za watoto hazisubiri.