Kabla ya prosesa, tazama bodi

Mwandishi, makala yako ya kuovakloki prosesa ni nzuri, ila msomaji wako wa mitaa ya Umoja au Kayole, Nairobi, hanunui prosesa mpya kwenye boksi. Ananunua mtumba mjini: HP EliteDesk au Dell OptiPlex iliyostaafu ofisini huko Ulaya, ndani yake i5-4570 au i5-6500. Hiyo hata ubembeleze vipi haiongezwi kasi. Intel hufunga kizidishi chake cha kasi. Zilizo wazi zina herufi K, kama i5-6600K, nazo hutaka madabodi ya chipseti ya Z. Bodi za ofisi nyingi ni za chipseti ya Q. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia “hii unaweza kuovakloki” mwombe aiwashe, akuonyeshe kwenye BIOS.

Mwenye bajeti ndogo namwelekeza kwa Ryzen za soketi ya AM4. Karibu zote ziko wazi (5800X3D ni kati ya zilizofungwa), na bodi ya B450 yatosha. A320 na A520 achana nazo.

Jambo ulilopitia haraka mno ni joto. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda kwa mraba wa volti: ongeza volti asilimia 10, ulaji unapanda kama asilimia 21, hata kabla hujagusa kasi. Sasa weka joto hilo chini ya paa la mabati, Februari saa nane mchana, na feni iliyokuja na prosesa. Kwa hiyo pesa ya i7 ni afadhali uigawe: i5, feni kubwa, na pawa saplai ya kueleweka.

Halafu, bei ulizoandika ni za duka la Nairobi, au za Marekani kabla ya ushuru?