Tatuu mbichi na maji ya ziwa

Ndugu mwandishi, ushauri wako wa kutunza tatuu ni mzuri, lakini umewasahau vijana wa mwambao wa Ziwa Tanganyika huku Kagunga. Mvuvi wa dagaa akichorwa tatuu mkononi leo, usiku huohuo anataka kupanda mtumbwi akavute nyavu. Tatuu mbichi ni kidonda. Isiloweshwe ziwani kwa wiki mbili hadi tatu, mpaka vigaga vidondoke vyenyewe. Ziwa Tanganyika linaonekana safi, ila mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana hapa, kipindupindu kilitufundisha kutoamini maji kwa kuyatazama tu.

Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na sabuni isiyo na manukato, kausha taratibu kwa kitambaa safi bila kusugua, kisha paka mafuta ya mgando kidogo tu. Mawese tuyaachie mboga. Ikiwasha, usikune. Mchana jikinge na jua kwa shati la mikono mirefu. Wekundu ukisambaa, usaha ukitoka au homa ikipanda, wahi zahanati.

Na kabla ya yote, mchoraji afungue sindano mpya mbele ya macho yako. Usitegemee kuosha sindano iliyotumika kwa sabuni kuondoa virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI. Akikataa, ondokeni, vijana wenzangu.