Mtoto Haji Shuleni Mikono Mitupu

Mwaka 1977 John Holt, aliyekuwa mwalimu huko Marekani, alianzisha jarida la wazazi waliowafundisha watoto wao nyumbani kwa shughuli za kila siku, mtoto akiongoza kwa maswali yake. Sisi hatuwezi kuifuata njia hiyo nzima. Kwa mtoto wa maskini shule ingali mlango mkuu. Lakini hoja yake haifai kupuuzwa.

Mwaka 1985 watafiti wa Brazili walichapisha uchunguzi juu ya watoto watano wachuuzi wa mji wa Recife. Katika kuuza, walipatia hesabu 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu za namna ile ile kwa tarakimu tupu, walipatia 37 tu.

Je, ndugu mwanachuo, mjinga hapo ni nani? Mtoto auzaye maandazi amekwisha kujua kutoa kabla wewe hujashika chaki. Basi muulize kwanza huirudishaje chenji, ndipo uandike alama ya kutoa ubaoni. Mwalimu asiyeuliza humfundisha mtoto upya jambo alijualo, kisha humwadhibu kwa kutolijua.